Usinunue Jua Kabla Hujaziba Tobo



*Mimi ni fundi na pia karani wa mtandao wa maji wa mtaa wetu huku komuni ya Annexe, Lubumbashi. Tuna foraji tatu, tangi moja la juu, na vituo ambako mama wanauza maji kwa bidoni. Umeme unatumaliza. Fakitire ya mwezi wa nane imekuja na kWh 8,960, na delestaji ikipiga tunawasha jenereta inayokunywa mazutu bila huruma. Papa Prezida wa komite ameleta kampuni ya mpwa wake. Watatuwekea paneli za jua, nasi tuwalipe kwa kila kWh kwa miaka 15. Tunasaini mwisho wa mwezi, na wanataka saini yangu pamoja na karatasi za kiwanja changu kama dhamana. Nikikataa, nitaonekana nampinga mzee aliyenipa kazi. Nikikubali, silali. Wengine wanasema tupandishe tu bei ya bidoni, na mama wa vituoni wameshaanza kuniita mwizi. Nifanye nini?*

*Fundi asiyelala, Annexe*

Jambo sana, mdogo wangu.

Usisaini. Nakuambia mapema ili haya mengine uyasome ukiwa umetulia. Sisemi kwamba jua ni baya, wala kwamba huyo mpwa ni tapeli. Huenda ni kijana mwaminifu anayejua paneli zake vizuri. Tatizo ni kwamba katika komite yenu hakuna anayejua mtandao wenu unahitaji umeme kiasi gani. Mnachokijua ni kiasi mnachotumia, na hayo mawili yametengana mbali kuliko unavyodhani. Karatasi ulizoambatanisha ndizo zilizonionyesha.

Umenipa namba tatu za mwezi wa nane, hukuziweka pamoja. Mita ya umeme imesoma kWh 8,960. Mita ya kuingilia tangini imesoma mita za ujazo 11,200. Maji yaliyolipiwa, vituoni na kwenye nyumba chache zenye bomba, ni mita za ujazo 6,720. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: kila mita ya ujazo inayofika tangini imekula kWh 0.8. Gawanya ya kwanza kwa ya tatu: kila mita ya ujazo iliyoleta makuta imekula kWh 1.33. Asilimia 40 ya maji mnayoyapandisha kwa umeme wa shida hayalipiwi na mtu yeyote.

Sasa hiyo 0.8 tuiulize maswali. Kupandisha mita moja ya ujazo ya maji kwa urefu wa mita moja kunahitaji Wati-saa 2.7. Namba hiyo haijali nchi, wala shirika, wala aina ya pampu, kwa sababu ni uzito wa maji tu. Umeandika kwamba pampu zikifanya kazi maji husimama kwenye kina cha mita 48, na tangi liko juu mita 16. Ongeza mita 6 za msuguano ndani ya mabomba, tunapata mita 70. Sabini mara 2.7 ni kama kWh 0.19. Hicho ndicho kiasi ambacho kazi yenyewe inakidai. Hakuna pampu isiyopoteza, lakini pampu ya kisima iliyochaguliwa vizuri pamoja na mota yake hugeuza nusu ya umeme au zaidi kidogo kuwa maji yaliyopanda, kwa hiyo 0.35 hadi 0.4 ingekuwa namba ya heshima. Ninyi mko 0.8. Robo tatu ya umeme mnaolipia inapasha moto kitu fulani huko chini.

Kitu gani? Nadhani wewe mwenyewe umeniandikia jibu, kwenye ukurasa wa pili wa karatasi hizo, kwa sentensi uliyoipitia haraka. Umesema pampu ya foraji namba 2 ililetwa na wafadhili, ni kubwa, na ilikuwa inavuta hewa na kutikisa bomba mpaka mkafunga vali nusu, “na tangu siku hiyo iko sawa.” Haiko sawa hata kidogo. Mota bado inazunguka kwa nguvu zake zote, na vali ndiyo inayoizuia. Nunua geji moja ya presha, uifunge kwenye bomba kati ya kichwa cha kisima na ile vali. Kutoka pale maji yamebakiza kupanda mita 16 za tangi na zile 6 za msuguano, kwa hiyo geji ingetosha kusoma baa 2 na kidogo. Ikisoma 5 au 6, basi kila baa iliyozidi ni mita kumi za kupanda ambazo mnazilipia na hazipo. Geji hiyo bei yake ni ndogo kuliko mazutu ya wiki moja.

Kisha fanya jambo jingine usiku, mtaa ukiwa umelala. Kwenye kila kisima, pampu ikiwa inafanya kazi, weka sikio kwenye kichwa cha kisima. Ukisikia maji yanaanguka ndani kama mvua kwenye pipa, bomba la kupandishia lina tobo na sehemu ya maji inarudi ilikotoka. Izime pampu. Ukisikia maji yanateremka kwa muda mrefu, vali ya kuzuia maji kurudi imechoka. Kama hamna hata moja kati ya hayo na geji inasoma vizuri, basi magurudumu ya ndani ya pampu yamelika. Mchanga hufanya kazi hiyo polepole bila kelele: pampu huzunguka kama zamani, umeme huingia kama zamani, ila maji ndiyo hupungua.

Dawa ya foraji namba 2 ni pampu ndogo zaidi. Ukipata fundi anayeijua aina hiyo, baadhi ya pampu huweza kupunguzwa idadi ya magurudumu yaliyopangwa ndani yake, na gharama ikawa ndogo kuliko kununua mpya. Chagua pampu kwa kina cha mwezi wa kumi na wa kumi na moja mwanzoni, kabla mvua hazijashika, wakati maji ya ardhini yako chini kabisa. Mkipima sasa mko karibu na kipindi hicho, kwa hiyo vipimo vyenu vya wiki hizi ni vya kuaminika.

Kuna mtu atakuja kukuuzia variateri, kifaa cha kupunguza mwendo wa mota, akikuambia kwamba ukipunguza mwendo kwa asilimia 20 umeme unashuka karibu nusu. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa maji yanayozungushwa mahali pa tambarare. Kwenu, kati ya mita 70, mita 64 ni kupanda tu, kutoka chini ya ardhi hadi tangini. Ukipunguza mwendo kupita kiasi, pampu itazunguka kutwa nzima bila tone kufika juu. Variateri itawafaa siku mtakapotumia jua moja kwa moja, na pia kuanzisha mota taratibu. Kama dawa ya pampu iliyochaguliwa vibaya, ni ghali na haiponyi.

Tuje kwenye zile asilimia 40. Usiku saa nane funga vali ya kutokea tangini, pima kina cha maji kwa kamba yenye jiwe, rudi saa kumi upime tena. Kikishuka, tangi lenyewe linavuja. Usiku unaofuata fungua vali hiyo, funga vituo vyote, upime tena. Tangi lenu lina kipenyo cha mita 5, kwa hiyo kila sentimita 10 zikishuka ni karibu mita za ujazo 2, yaani bidoni 80 za lita 25. Baada ya hapo chukua fimbo ya chuma, ncha moja juu ya bomba au vali, nyingine sikioni, utembee na laini. Mafundi wa maji dunia nzima wameanza na fimbo hiyo kabla ya mashine za kusikilizia kuja. Bomba linalovuja linanguruma. Ila usishangae ukikuta sehemu kubwa ya maji hayo hayavuji: yanaingia kwenye nyumba fulani kwa bomba lisiloandikwa popote. Umetaja pia shule na ofisi za serikali ambazo hazijalipa. Hilo si la mtaa wenu peke yake. REGIDESO, shirika la maji la taifa, imebeba madeni ya taasisi za serikali kwa miaka mingi, na shirika la maji lisilolipwa huishia kushindwa kulipa umeme. Mnyororo huo upande wa pwani wanaujua vilevile: visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki huko Kenya, vimekatiwa umeme zaidi ya mara moja kwa sababu ya deni, na Malindi, Kilifi na Mombasa zikakauka ilhali maji yapo ardhini. Mombasa hiyohiyo inapata maji mengine kutoka chemchemi za Mzima, kwa bomba la kilomita kama 220 lililojengwa miaka ya 1950, ambamo maji huteremka yenyewe. Hayo hayaulizi bei ya kWh. Sisi Lubumbashi hatuna mlima wa kutufanyia hisani hiyo, basi tuhesabu.

Hesabu ndiyo hii. Tuseme mmerekebisha pampu mkafika 0.4, na mmepunguza upotevu hadi asilimia 20. Ili kuuza zilezile mita za ujazo 6,720 mtapandisha 8,400. Mara 0.4 ni kWh 3,360 kwa mwezi. Leo mnalipia 8,960.

Hapo ndipo nilipoishika rasimu ya mkataba uliyoiambatanisha na kuisoma tena. Mtambo umekadiriwa kwa kWh 9,000 kwa mwezi, yaani mpwa amechukua fakitire yenu akaipandisha hadi elfu tisa kamili. Kifungu cha sita kinasema mtalipa angalau asilimia 85 ya kiasi hicho, mtumie msitumie. Hizo ni kWh 7,650. Siku mtakapoziba matobo yenu, mtakuwa mnalipia zaidi ya mara mbili ya mnachohitaji, na mtaendelea hivyo kwa miaka 15. Mkataba huo unawaadhibu kwa kuwa mafundi wazuri. Kununua umeme kwa kipimo cha mtandao unaovuja ni kumshonea mgonjwa suti siku amevimba.

Kifungu hicho kina ubaya mwingine ambao mtu wa hapa ataujua haraka kuliko mtu wa mbali. Mvua zikishika, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, watu wa Annexe wanakinga maji ya paa na visima vya uani vinajaa, na vituo vyenu vinalala. Mauzo yanashuka wakati malipo ya chini yanabaki palepale. Na bei, kifungu cha nane, iko kwa dola, nayo inapanda kila mwaka. Mama anauza bidoni kwa faranga. Nani katika komite atabeba tofauti hiyo faranga ikianguka? Hakuna aliyeandikwa.

Sikukatazi jua. Kwa pampu za maji jua ni zuri kuliko kwa kazi nyingi nyingine, maana hamhitaji betri: mnapandisha mchana, tangi linatunza, watu wanachota jioni na alfajiri. Kama tangi lenu halitoshi usiku mmoja, makuta ya betri yapelekeni kwenye tangi la pili. Kiangazi chetu, kuanzia mwezi wa tano, mbingu ni safi, na mwezi wa tisa na wa kumi, joto linapopanda na watu wanapogombania maji, jua bado lipo. Mnaweza pia kununua kihalali: sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na kufungua mlango kwa wazalishaji binafsi, na kuna mamlaka ya udhibiti, ARE, yenye kazi ya kuangalia sekta hiyo. Mwombeni mpwa karatasi zake za kufanya biashara hiyo. Mtu mwenye karatasi hakasiriki akiulizwa.

Mkifika kujadiliana upya, baada ya vipimo, shikilieni mambo haya. Kiasi cha chini kisipite nusu ya mahitaji yenu mapya, na kihesabiwe kwa mwaka mzima badala ya mwezi mwezi, ili kiangazi kilipe mvua. Umeme upimwe kwenye kisanduku cha pampu, kwa mita ambayo na ninyi mnaweza kuisoma. Inveta ikifa kabla ya mkataba kuisha, na kwa miaka 15 huenda ikafa, anunue yeye. Paneli zikiibwa, bima ni yake. Muwe na haki ya kuununua mtambo mwaka wa tano au wa saba kwa bei iliyoandikwa leo. Na laini ya SNEL msiikate: siku za mawingu itawafaa, na siku mgao ukipungua itawapa nguvu ya kusema na muuzaji.

Najua utaniambia kwamba laini hiyo haiaminiki. Kweli. Lakini kumbuka umeme wa Katanga ulijengwa kwa ajili ya nani. Mwadingusha kwenye mto Lufira, mwaka 1930, halafu Koni, Nzilo na Nseke, yote yalikuwa mabwawa ya shaba. Laini ndefu ya kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700, iliwashwa mwaka 1982 kwa ajili ya migodi vilevile. Mji ulipata kilichobaki. Na migodi hiyo hadi leo haitosheki, hununua umeme kutoka Zambia, na mwaka 2024 ukame ulipokausha Kariba hata Zambia yenyewe ilikaa gizani saa nyingi kwa siku. Hamuwezi kushindana na mnunuzi wa namna hiyo kwenye foleni. Mnachoweza ni kuhitaji kidogo.

Kwa mazutu ndipo utaona tofauti kwa macho. Jenereta ndogo iliyobebeshwa mzigo wake vizuri hutoa kama kWh 3 kwa lita. Kwa 0.8 yenu, lita moja inapandisha bidoni 150. Kwa 0.4, bidoni 300. Lita ileile, jenereta ileile.

Jambo moja dogo kabla sijasahau: mota mbili ulizosema zimeungua mwaka huu. Pima volti kati ya nyaya zote tatu, saa moja jioni wakati mtaa mzima unapika. Zikitofautiana kwa asilimia tatu au nne tu, joto la mota linapanda kwa karibu robo. Kifaa cha kuizima mota yenyewe fazi moja ikikosekana ni rahisi kuliko kuisuka upya.

Sasa Papa Prezida. Usimjibu mkutanoni. Mzee aliyetoa neno mbele ya watu hawezi kulirudisha mbele ya watu haohao, na mpwa akiwa ameketi pale ndiyo kabisa. Nenda kwake jioni, peke yako, na ile fakitire na karatasi ya hesabu. Usimwambie mkataba ni mbaya. Mwambie: “Papa, nimepima, nimekuta tunahitaji umeme mdogo kuliko tuliomwambia kijana. Nikimwacha ajenge mkubwa, wewe ndiye utakayeulizwa.” Kisha muombe miezi mitatu. Kuomba muda hakumvunjii mtu heshima, na ana sababu nzuri ya kumpa mpwa: fundi bado anapima. Kijana akiwa mfanyabiashara wa kweli, atapendelea mteja anayeweza kulipa miaka yote 15 kuliko atakayeshindwa mwaka wa pili. Akisema saini sasa au bei inapotea, na Papa Prezida atakuwa amelisikia kwa masikio yake.

Karatasi za kiwanja zirudishe ndani ya sanduku. Mtandao ni wa komite, deni liwe la komite, saini ziwe za komite na mhuri wake. Wewe unapokea mshahara, na hata huo umeandika kwamba unachelewa. Hilo usilijadili na mzee wala na mpwa. Waambie kwamba mke wako analijua na amekataa. Hapa kwetu hakuna atakayebisha zaidi ya hapo, na nina hakika ukimuuliza ndivyo atakavyosema.

Bei ya bidoni isiguswe kwanza. Ukiipandisha leo unamtoza mama wa kituoni gharama ya vali iliyofungwa nusu, na hilo neno “mwizi” litakaa. Wanakuita hivyo kwa sababu hawaoni chochote zaidi ya wewe kupita ukikusanya makuta. Weka ubao kwenye kila kituo na uandike kwa chaki, kila mwisho wa mwezi: kWh tulizolipia, maji tuliyopandisha, maji tuliyouza, na chini yake majina ya ofisi na shule zinazodaiwa. Anza na mwezi huo wa nane, na hizo 8,960, 11,200 na 6,720 kama zilivyo.